MSHIKA MBILI: JE, MKRISTO AWEZA KUSHIKA NA MILA ZA MABABU?

Imeandikwa na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Wahenga hao hao, sijui kama ni siku hiyo hiyo au siku nyingine, wakanena tena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Sasa mimi mtoto wa shule nifuate methali ipi? Nikiishika dini ya Kikristo niliyobatizwa ndani yake na papo hapo nikazishika mila za mababu zangu, methali ya kwanza inanitisha. Nikiziacha mila, methali ya pili inaniita mtumwa. Hilo ndilo fumbo ninalotaka tulifumbue pamoja, mpenzi msomaji, katika kurasa hizi za jarida letu.

Swali lenyewe si geni chamani. Muhula wa kwanza tulifanya mdahalo wenye mada, “Mkristo hawezi kufuata mila za jadi.” Watetezi walitetea, wapinzani wakapinga, kengele ikalia, na kila mtu akaenda zake akiamini kwamba ameshinda. Mimi siku hiyo nilikuwa mtunza saa, kwa hivyo sikupata nafasi ya kusema. Leo nasema.

Tena sisi wa shule ya kutwa tuna haki ya kulisemea jambo hili. Mwenzetu wa bweni akifunga sanduku lake mwanzo wa muhula, huyaacha mambo ya nyumbani mpaka likizo. Sisi asubuhi tunaomba pamoja kwenye gwaride, na jioni tunarudi katika boma lenye kaburi la babu mbele ya nyumba, tukawakute wazee wakimzungumzia babu huyo kana kwamba ametoka tu kwenda sokoni. Kila siku tunauvuka mpaka huo mara mbili.

MAANA YA MANENO

Hebu kwanza tuyaweke maneno sawa, maana mdahalo wetu uliharibika kwa sababu kila mtu alikuwa na maana yake mfukoni.

Katika vitabu vya zamani vya wamishonari, mababu zetu waliitwa wapagani, na mahali pengine washenzi. Neno “mpagani” asili yake ni Kilatini, na maana yake ya mwanzo ilikuwa mtu wa mashambani. Kwa maana hiyo sisi sote tunaokanyaga matope kuja shuleni ni wapagani, hata mwalimu wa zamu! Kwa kuwa neno hili limekaa kama tusi, katika makala haya nitasema “dini ya jadi”.

Dini ya jadi ya kwetu sisi Wajaluo inamjua Mungu mmoja muumba, Nyasaye. Inaamini kwamba aliyekufa hajaondoka kabisa katika jamaa yake. Mtoto huweza kupewa jina la marehemu aliyemjia mtu ndotoni, na huambiwa kwamba mtoto mchanga hulia bila kukoma hadi aitwe jina la yule anayetaka kukumbukwa. Pia inaamini katika chira, yaani maradhi na mikosi inayomwandama mtu aliyevunja mwiko, au watoto wake. Chira hutibiwa kwa dawa iitwayo manyasi.

Na kuchanganya je? Hapa nataka tutazame jikoni. Kuna kuchanganya kwa nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Ukila nyoyo unaiona kila punje, hili hindi, hili haragwe, na usilolipenda unaliweka kando ya sahani. Halafu kuna kuchanganya kwa uji. Wimbi, mtama na muhogo vikishasagwa pamoja, hakuna mjuzi atakayekuja kuutoa muhogo. Watu wengi wanaosema “mimi sichanganyi” wanakunywa uji kila siku bila kujua kilichomo ndani. Nitathibitisha.

LUGHA YETU YENYEWE NI UJI

Sisi ni wanachama wa Kiswahili, basi tuanze na Kiswahili. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844. Yeye na waliomfuata walipotaka kumtaja Mungu wa Biblia, hawakuleta jina jipya kwa meli. Walilichukua lililokuwapo. Neno “Mungu” ni la Kibantu, ndugu yake Mulungu wa Wamijikenda. Biblia ya Kikikuyu inasema Ngai, jina walilolitumia wazee walioomba wakiuelekea Mlima Kenya. Biblia ya Kijaluo inasema Nyasaye. Kwa hivyo Mkristo wa Kijaluo akipiga magoti leo, anamwita Mungu kwa jina lile lile alilolitumia babu yake asiyejua kusoma.

Isitoshe, sikiliza maneno mengine tunayoyatumia kanisani: sala, dhambi, malaika, imani, dini, injili, kanisa, msalaba. Yote yana asili ya Kiarabu. Mengi kati yake yalikuwa midomoni mwa Waislamu wa pwani kabla hajaja Krapf. Neno “padre” lilitoka kwa Wareno. Ukisema kwamba dini safi ni ile isiyochanganyika na chochote, basi itabidi ukae kimya, maana hata ulimi wa kuombea umechanganyika.

WALIOTULETEA DINI NAO WALICHANGANYA

Mara nyingi twaambiwa kwamba Wazungu walituletea Ukristo mtupu na sisi ndio tuliouchafua. La hasha! Mwaka wa 601 Papa Gregori wa Kwanza alituma barua kwa abati Mellitus, aliyekuwa njiani kwenda kwa Waingereza wa wakati huo, ambao bado walikuwa wakiabudu miungu yao. Alisema mahekalu yao yasibomolewe. Sanamu zivunjwe, lakini majengo yanyunyiziwe maji ya baraka na kugeuzwa makanisa. Ng'ombe waliokuwa wakichinjiwa miungu waendelee kuchinjwa, ila sasa watu wale na kumshukuru Mungu. Hiyo ni hekima ya mtu aliyejua kwamba huwezi kumng'oa mtu mizizi yote kwa siku moja na bado ukamtarajia aishi.

Mpaka leo siku za juma za Kiingereza zimebeba majina ya miungu hiyo. Jumatano yao ni siku ya Woden na Alhamisi ni siku ya Thor. Na Krismasi? Biblia haitaji tarehe aliyozaliwa Yesu. Tarehe 25 Desemba tunaiona ikiadhimishwa Roma katika karne ya 4, miaka mamia tatu hivi baadaye. Hakuna anayeona haya kula chapati siku hiyo.

Kwa hivyo tukiuliza, “Je, yawezekana kuchanganya?” jibu la historia ni kwamba watu wamekuwa wakichanganya tangu zamani. Swali gumu ni hili lingine: ni nini chaweza kuingia chunguni, na ni nini kitaharibu chakula chote?

WANAOSEMA HAIWEZEKANI

Tuwape nafasi wanaokataa, maana hoja zao si nyepesi.

Kwanza, wanashika amri ya kwanza kati ya zile kumi. Wanakumbusha habari ya watu waliohamishiwa Samaria katika 2 Wafalme sura ya 17, waliomcha Mungu wa Israeli huku wakiendelea kuitumikia miungu waliyotoka nayo. Biblia haiwasifu hata kidogo. Paulo naye katika 1 Wakorintho sura ya 10 anawakataza waumini kula katika meza ya Bwana na kisha kwenda kula katika meza ya mashetani.

Pili, wanasema kwamba mila nyingine zinaumiza mwili wa mtu. Mwaka wa 1929 makanisa ya wamishonari katika nchi ya Wakikuyu yaliwataka waumini waahidi kuiacha tohara ya wasichana. Wengi walikataa wakatoka, na kutokana na mgogoro huo zikazaliwa shule na makanisa huru. Ngũgĩ wa Thiong'o aliutumia mgogoro wa namna hiyo katika riwaya yake The River Between ya mwaka 1965. Ndani yake msichana Muthoni anataka kuwa Mkristo na pia mwanamke kamili wa kabila lake, na anakufa kwa kidonda cha tohara. Leo serikali yenyewe imekata shauri, kwa kuwa sheria ya mwaka 2011 inapiga marufuku ukeketaji popote nchini.

Tatu, na hili lilinishangaza, hata upande wa mila kuna waliosema haiwezekani. Elijah Masinde wa Bukusu alikuwa muumini wa kanisa la Marafiki, kisha akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa, iliyowataka watu warudi kwa misambwa ya mababu na kuwakataa Wazungu pamoja na dini yao. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini hiyo mwaka wa 1948. Lakini tazama, jina la Elijah, la nabii wa Biblia, Masinde hakulitupa. Uji huo!

WANAOSEMA YAWEZEKANA

Hawa nao wana Biblia mkononi. Wanatupeleka Matendo ya Mitume sura ya 15, ambapo mitume waliamua kwamba watu wa mataifa mengine hawana haja ya kutahiriwa kama Wayahudi ndipo wawe Wakristo. Ikiwa Mgiriki hakulazimishwa kuwa Myahudi kwanza, kwa nini Mjaluo alazimishwe kuwa Mwingereza kwanza? Katika sura ya 17 Paulo yuko Athene. Anaiona madhabahu ya mungu asiyejulikana, na badala ya kuivunja anaanzia hapo mahubiri yake.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Naamani, jemadari wa Shamu, katika 2 Wafalme sura ya 5. Naamani ameponywa ukoma na ameamua kwamba hatamtolea sadaka mungu mwingine. Hata hivyo ana shida moja. Mfalme wake huenda kuabudu katika nyumba ya Rimoni akimwegemea mkono, na mfalme akiinama, Naamani hana budi kuinama naye. Anaomba asamehewe katika jambo hilo. Nabii Elisha hakumfokea wala hakumwambia aache kazi. Alimwambia aende kwa amani. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi. Naona Elisha alijua kwamba kuna mtu anayeinama kwa moyo na kuna mtu anayeinama kwa sababu mzee amemwegemea mkono.

Siku hizi pia wako wasomi wa maoni hayo. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui na kasisi wa Kianglikana aliyefariki mwaka 2019, alieleza katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969 kwamba Mwafrika alimjua Mungu kabla ya mmishonari kufika. Mwaka huo huo Papa Paulo wa Sita alizuru Kampala, akawaambia Waafrika kwamba wanaweza na wanapaswa kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Kisha mwaka 1988 Roma ikaikubali Misa ya Zaire, nchi ambayo sasa yaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika Misa hiyo, pamoja na watakatifu, huitwa pia mababu waliokuwa na moyo mnyoofu. Nasi hapa nyumbani tunalo kanisa la Legio Maria, lililoanza kuenea katika nchi ya Wajaluo miaka ya mwanzo ya 1960. Wanasali sala za Kilatini walizozirithi kwa Wakatoliki, na papo hapo wanawatoa watu pepo.

KESI YA S. M. OTIENO

Hakuna Mkenya mzima asiyeikumbuka kesi hii, na kwa sisi tuliozaliwa baadaye, wazazi wametusimulia. Wakili Silvano Melea Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Mjane alisema mumewe alikuwa mtu wa kisasa na Mkristo, aliyefunga ndoa ya kisheria. Ukoo ulisema mtu hawezi kujivua kabila kama koti. Hata mwanafalsafa, Profesa Odera Oruka, aliitwa kortini aeleze mila za Wajaluo.

Tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya, tarehe 23 Mei. Mwili ulikuwa umengoja siku 154.

Ninachojifunza ni hiki. Pande zote mbili zilizungumza kana kwamba marehemu alipaswa kuwa kitu kimoja tu. Yeye mwenyewe aliishi akiwa vyote viwili, na kwa muda wa uhai wake hakuna aliyemwambia achague. Mzozo ulikuja alipokuwa hawezi tena kusema. Kumbe mara nyingi mchanganyiko hausumbui mpaka siku ya msiba.

MFANO WA NYUMBANI KWETU

Sasa nitoke katika vitabu niingie bomani. Mama ameniruhusu niandike haya.

Baba alifariki nikiwa Kidato cha Kwanza. Kwa mila zetu mjane husimamiwa na ndugu au jamaa wa marehemu. Desturi hiyo yaitwa tero, na mwanamume huyo huitwa jater. Wazee wa kwetu wanasema kwamba kabla ya hilo kutimizwa, haifai mwanamume yeyote kupanda juu ya paa la mjane kulikarabati, la sivyo chira itawaingia watoto. Mama alikataa. Yeye ni mshirika wa kanisa, ni mweka hazina wa akina mama, na alisema aliapa mbele ya madhabahu kwa mume mmoja.

Paa letu lilikuwa limeanza kuvuja hata kabla ya msiba. Mvua za masika zikaja. Nilikuwa nikisomea kwenye kona moja ya nyumba, vitabu nikiviweka chini ya beseni lililofunikwa. Mama aliwaendea mafundi watatu. Wa kwanza alisema ana kazi nyingi, wa pili akasema ataangalia, wa tatu akasema ukweli kwamba anaogopa.

Na kanisani je? Jumapili ile ile tulihubiriwa kwa sauti kubwa kwamba mila zote ni za Shetani na mjane amtegemee Mungu. Mama akaitikia amina. Lakini ibada ilipokwisha hakuna aliyekuja na nyundo. Ninasema hivi bila kumchukia mtu. Wazee walikuwa na paa lenye masharti, kanisa lilikuwa na neno lisilo na paa.

Lazima niwatendee haki wazee. Nyanya yangu, ambaye amebatizwa na pia anajua mila zote, aliniketisha akanieleza kwamba zamani tero haikuwa uovu. Mjane na wanawe walihitaji mtu wa kuwalimia, kuwajengea na kuwatetea wasinyang'anywe shamba. Hata Biblia inayo desturi hiyo. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inamwamuru mtu amwoe mjane wa nduguye aliyekufa bila mwana. Boazi naye alimwoa Ruthu kwa kuwa alikuwa jamaa wa marehemu mumewe. Ukisema tero ni upagani mtupu, utafanyaje na Ruthu? Lakini nilipoisoma habari ya Ruthu upya niliona jambo. Ruthu mwenyewe alimwendea Boazi na kumwomba. Hakuna aliyemwambia kwamba asipokubali paa litaendelea kuvuja.

Zaidi ya hayo, mambo yamebadilika. Ukimwi ulipoingia, wengi waliuita chira kwa sababu yote mawili humkondesha mtu, na wajane wengi wakarithiwa huku ugonjwa ukipita nyumba hadi nyumba. Sheria nayo imesema. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 32, inasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake, na sheria ya mwaka 2015 kuhusu ukatili wa nyumbani inahesabu kumrithi mjane kwa nguvu kuwa ukatili.

Basi ilikuwaje? Baba mdogo wangu ndiye aliyetufaa. Yeye pia ni Mkristo, na ana mke wake. Aliwaambia wazee kwamba atasimama na boma la kaka yake, atalima, atatetea mpaka wa shamba, lakini hatamrithi shemeji yake. Mama naye hakukataa yote. Alikubali jamaa wakusanyike wamkumbuke baba kwa chakula, nyimbo na hadithi za maisha yake, na mchungaji akaombwa afungue kwa sala. Wazee wawili hawakuja. Kisha baba mdogo akapanda ngazi mwenyewe na kugonga msumari wa kwanza. Mabati tulinunua kwa pesa za chama cha akina mama, mabati kumi na manne.

Sitaki mfikiri mambo yalikwisha vizuri kama katika hadithi za darasa la nne. Baba mdogo aliniambia baadaye kwamba mikono ilimtetemeka juu pale, na haikuwa kwa sababu ya urefu. Tangu siku hiyo mtoto wake akikohoa tu, kuna watu wanaotutazama. Mmoja wa wazee wale wawili bado haitikii salamu ya mama. Hiyo ndiyo gharama yake, na mwenye kuilipa ni mama, si wahubiri wala si sisi wa mdahalo.

MIZANI

Kutokana na haya yote nimejitengenezea mizani yenye maswali matatu. Kila mila ikiletwa mbele yangu naipima nayo.

Swali la kwanza: mzizi wake ni nini, upendo au hofu? Kumpa mtoto jina la marehemu, kumkumbuka aliyekufa, kula pamoja baada ya mavuno na kushukuru, kumheshimu mkwe, yote haya mzizi wake ni upendo na shukrani. Sioni kwa nini Mungu ayakasirikie. Lakini jambo ambalo sababu yake ya pekee ni “usipofanya utakufa”, hilo linamfunga mtu. Haliwezi kukaa chungu kimoja na Injili, ambayo kazi yake ni kumfungua.

Swali la pili: ni nani anayebeba mzigo, na je, aliulizwa? Mara nyingi wanaoitetea mila si wanaoumizwa nayo. Tohara ya wasichana haikumkata mzee yeyote. Mila ambayo anayeibeba amekubali kwa hiari ni kitu kimoja, na ile anayoamriwa ni kingine.

Swali la tatu: nikitenda jambo hili, tegemeo langu liko kwa nani? Naamani aliinama, lakini tegemeo lake lilikuwa kwingine. Mtu mwingine hainami kwa yeyote, ila ana hirizi chini ya mto.

Na tafadhali mizani hii isiwekwe kwa wazee peke yao. Tuipeleke na kanisani. Siku hizi kuna wahubiri wanaouza chupa za maji na mafuta, eti ya kufukuza mikosi, kumnasa mchumba na kupasisha mitihani. Wanawatisha watu kwamba wasipotoa sadaka watalaaniwa. Hebu niambieni, chupa hiyo na manyasi vina tofauti gani? Waganga wa kienyeji tunawakimbia kupitia mlango wa mbele, kisha hofu ile ile inaingia kwa mlango wa nyuma ikiwa imevaa suti na tai. Huo ndio mchanganyiko wa hatari kuliko wote, kwa sababu unaitwa imani na hakuna anayeushuku.

Kuna atakayeniuliza: na kama hofu na upendo viko pamoja? Nyanya anapomwaga chakula kidogo chini kabla ya kula, anamkumbuka mumewe au anamwogopa? Nilimuuliza. Alicheka akasema, “Mjukuu wangu, wewe ukimtii mwalimu, unampenda au unamwogopa?” Sikuwa na jibu. Kwa hivyo nakubali kwamba mizani yangu si ya kupimia moyo wa mwenzangu. Naipimia wangu kwanza.

HITIMISHO

Turudi kwa wahenga. Walisema mshika mbili moja humponyoka, lakini hawakutuambia ni mbili zipi. Kama mbili hizo ni mabwana wawili, kila mmoja akidai utiifu wote, basi methali ni ya kweli, nayo Biblia inakubaliana nayo. Lakini kama moja ni bwana na nyingine ni kumbukumbu ya watu waliokuzaa, mikono miwili inatosha. Na mwacha mila ni mtumwa, kweli, ila anayeshikishwa mila kwa kutishwa naye ni mtumwa vile vile.

Kwa maoni yangu basi, Mkristo anaweza kushika mila za mababu, mradi azishike kama anavyokula nyoyo, akiiona kila punje na kulijua analolila na analoliweka kando. Asizinywe kama uji, macho yamefumbwa. Wenye maoni tofauti nawakaribisha. Safari hii mtunza saa awe mtu mwingine.

MASWALI YA KUJADILIWA CHAMANI

1. Elisha alimwambia Naamani aende kwa amani. Je, angemwambia vivyo hivyo Mkristo wa leo anayeshiriki mila kwa sababu ya wazazi wake?
2. Taja mila moja ya jamii yako, kisha uipime kwa maswali matatu ya makala haya. Ni swali lipi lililokuwa gumu zaidi?
3. “Neno lisilo na paa.” Kanisa, msikiti na majirani wana wajibu gani kwa mjane aliyekataa kurithiwa?
4. Tafuta methali nyingine mbili za Kiswahili zinazopingana, ueleze jinsi zote mbili zinavyoweza kuwa za kweli.